Kompyuta Iliyojibu Salamu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliazima kompyuta ya mkononi ili nimrekodi babu yangu, mpigaji wa obokano, ala yetu ya nyuzi, kabla sauti yake haijaisha. Tuliipeleka kwa Mhindi muuza redio mjini Kisii. Akachomeka maikrofoni.

"Ikikataa, utasikia kimya tu. Mzee, sema kitu."

"Bwakire," babu akaiamkia kwa Ekegusii, kisha akatulia, maana kwetu aliyesalimu husubiri jibu.

Muuza redio akabonyeza kitufe.

"Bwakire," ikasema kompyuta, kwa sauti ya babu yenyewe, na mikwaruzo yake yote.

Babu akavua kofia. "Buya mono," akaijibu, yaani njema sana. Akanigeukia: "Mjukuu wangu, huyu nitamwimbia. Ana adabu."