Wimbo wa Kiwandani Ulivyoingia Klabu

Kwa watu wa muziki aliitwa Nondo, kwa sababu mistari yake ilikuwa mizito na ikikuangukia haikuachi salama. Mama yake alimwita baba, maana alibeba jina la babu yake mzaa mama. Na kwa mwenye kampuni ya kukodisha spika, ambako ndiko alikokuwa akipata riziki, aliitwa "wewe mrefu". "Wewe mrefu, hilo boksi peleka kule nyuma." Naye alipeleka.

Kila Jumamosi walikuwa na harusi. Nondo alishusha spika kwenye gari, akatandaza nyaya, akazibandika sakafuni kwa utepe ili wageni wasijikwae, akashika maikrofoni na kusema "moja mbili, moja mbili". Hapo ndipo sauti yake ilipoishia. Baada ya hapo alikaa nyuma ya spika kwenye kiti cha plastiki akisubiri wageni wacheze mpaka wachoke, ili akunje nyaya zake.

Mara nyingine mgeni mmoja, tai imelegea na jasho linamtiririka, angemtambua.

"Wewe si Nondo? Kaka! Wewe ni mwalimu wetu bwana! Siku hizi hakuna muziki, ni kelele tupu hizi. Viuno, viuno, viuno!"

Angemkumbatia, karibu amtoe machozi, kisha wimbo wa viuno ungeanza, na yule bwana angekimbilia katikati ya ukumbi huku mikono iko juu. Nondo alishavikwa kilemba cha ukoka mara nyingi mpaka kichwa kikazoea.

Wimbo uliompa heshima hiyo ulikuwa mmoja, na ulitokana na msiba. Mdogo wake wa kike alifanya kazi kiwanda cha nguo, kitengo cha kola. Msimamizi wa pale alikuwa na tabia ya kufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, eti wasichana wasitoke na vipande vya vitambaa. Siku moto ulipozuka chumba cha pasi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi alikuwa amekwenda kula. Majirani walisema walisikia viganja vikigonga bati kwa ndani, na sauti za wasichana wakiita neno lile lile: fungueni.

Nondo alikwenda kuutambua mwili wa mdogo wake, akarudi nyumbani. Kisha akaandika.

*Alishona shati la mtu asiyemjua,*
*Kola, kifungo, mfuko, jua hadi jua.*
*Moshi ukaingia, ufunguo wakauchukua,*
*Fungueni mlango, watoto wanaungua.*

Redio ziliupiga kidogo, kisha zikaacha. Walisema unawanyong'onyeza wasikilizaji. Lakini wenye masikio waliushika. Kila mwaka, siku ya moto ule, familia za wafiwa zilikutana mbele ya geti la kiwanda lililoota kutu, na Nondo aliimba bila muziki, mama yake amesimama pembeni, amemshika mkono Mama Pacha, ambaye kati ya mapacha wake wawili alibakiwa na mmoja. Mama yake Nondo hakulia mbele za watu. Ila tangu siku ile hakulala tena mlango umefungwa. Alifungua komeo, akaegesha kiti, akaacha upenyo. Wezi waliwahi kuingia wakachukua redio na pasi. Kesho yake aliacha upenyo vile vile.

Basi huyo ndiye Nondo. Anaheshimiwa, na anabeba spika.

Siku moja mtayarishaji mmoja wa muziki, ambaye watu walimwita Daktari kwa sababu alijisifu kuwa hufufua nyimbo zilizokufa, alimkuta akifunga nyaya kwenye sherehe. Akamwita pembeni.

"Nondo, nikuambie kitu hutaniudhikia?"

"Sema."

"Wimbo wako watu wanauheshimu. Hawausikilizi."

Nondo akacheka. Usiku na mchana alikuwa akijiambia hayo hayo. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia kubeba. Na vijana wa mtaani kwake, waliozaliwa karibu na mwaka ule wa moto, walipita mbele ya geti la kiwanda kila siku bila kujua pale palitokea nini.

"Tuupe mdundo," Daktari akasema. "Kiitikio chako kile kile. Ubeti mmoja wa zamani tunauacha kama ulivyo, mbili mpya za kuchangamsha. Watu wacheze kwanza, wakishacheza watauliza. Ndiyo watamjua mdogo wako."

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Huenda angekataa pesa; maneno ya kuwa mdogo wake atajulikana hakuweza kuyakataa. Akasaini palepale, karatasi imewekwa juu ya spika.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipodozi, kuta zimebandikwa godoro jembamba. Nondo alidhani atakaa wiki nzima akihangaika na beti za kuchangamsha, kwa sababu hakuwahi kuandika mambo hayo. Zilimjia kama maji. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamaliza.

*Fungueni mlango, ndani kuna joto,*
*Kiuno kama feni, leo kuna moto.*
*Zima simu yako, sahau na watoto,*
*Hatutoki humu, hii siyo ndoto.*

Daktari aliruka kwenye kiti. "Ulikuwa umejificha wapi wewe?" Nondo naye alitabasamu. Ukweli ni kwamba alifurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alijiona ana kipaji, siyo ana msiba. Alipokuwa akishuka ngazi ndipo alipojirudia ule mstari wa mwisho kwa sauti ya chini, hatutoki humu, akasimama katikati ya ngazi. Akashika ukuta. Akajiambia, ubeti wa zamani upo, utaeleza yote.

Wimbo ulipotoka, ubeti wa zamani haukuwemo.

Alikwenda mbio studio. Daktari hakumkwepa, alimpa kiti.

"Tuliujaribu kwenye klabu, Nondo. Ubeti ule ukifika, watu wanakwenda kukaa. Unapoza."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana wimbo ufike. Umefika, haujafika?"

"Utoe. Uzime."

"Niuzime wapi, ndugu yangu? Uko kwenye simu za watu." Akamwonea huruma, akamgusa bega. "Kaka, hukufanya jambo baya. Msanii naye anakula."

Ulikuwa umefika kweli. Vinyozi waliupiga, wauza nguo waliupiga, watoto wakienda shule waliimba kiitikio huku wakigonga mageti ya watu. Kwenye harusi aliacha kukaa nyuma ya spika; sasa aliitwa mbele. Wale waliokuwa wakimwita mwalimu waligeuka. Mtangazaji mmoja aliyewahi kulia akimhoji alisema hewani kwamba Nondo ameuza kaburi. Nondo alizima redio, lakini moyoni hakumpinga. Kilichomuuma ni kwamba mtangazaji huyo, kwa miaka yote ile, hakuwahi kuupiga wimbo wa kwanza hata mara moja.

Nondo na mama yake waliishi nyumba moja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa, na baa hiyo iliupiga wimbo tangu mchana. Nondo alijipa moyo kwamba pengine mama hasikii vizuri, pengine hautambui, mdundo umeufunika. Jioni moja aliporudi alikuta mlango wa nyumba umefungwa. Akadhani mama hayupo. Akagonga.

Komeo likavutwa. Mama yake alikuwa amesimama kizani, kitambaa amejifunga masikioni.

"Umefunga, mama?"

"Kelele, baba."

Nondo aliingia akaketi, na mama yake akarudisha komeo. Baa ikaanza wimbo upya, watu wakaitikia kwa kugonga meza, ngo ngo ngo, na mama yake akainamisha kichwa kama mtu anayepigwa mvua.

Kisha akauliza, "Hao wanaocheza, wanajua?"

"Hawajui, mama."

"Hata mmoja?"

"Sidhani."

"Basi waambie. Wewe unajua kusema na watu."

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa bado linawaka, Nondo alivuka barabara. Mwenye baa, mama mnene mwenye cheko la kuambukiza, alimpokea kama mfalme. Alipomwomba asiupige tena wimbo ule, cheko likakoma. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Pole sana, kaka yangu. Sikujua. Lakini nikiuzima hapa, watauomba, na nikiwanyima watahamia kwa jirani. Chukua maikrofoni. Waambie mwenyewe. Nitawanyamazisha."

Akawanyamazisha. Nondo alisimama kati ya meza, akainua maikrofoni.

"Huu wimbo," akaanza, "ni wa mdogo wangu."

"Mdogo wakooo!" watu wakapokea, chupa juu. Walidhani anamtumia mtu salamu.

"Alifia kiwandani. Walifungiwa."

Waliokuwa mbele wakatulia kidogo. Nondo akaona afadhali aimbe, maana kuimba ndiko anakojua. Akaanza ule wa zamani, bila muziki, kama anavyouimba getini. Alishona shati la mtu asiyemjua. Sauti yake ilitoka safi. Kijana wa muziki, kwa nia njema kabisa, akidhani mashine imekwama na msanii anaaibika, akausukumia mdundo chini yake. Basi. Mabega yakaanza kuchezeka. Moshi ukaingia, akaimba, na wakapiga miluzi. Alipofika kwenye kiitikio wakamnyang'anya, wakakiimba wenyewe kwa nguvu, wakigonga meza kwa viganja. Watoto wanaungua, Nondo alipaza, alikuwa anapiga kelele sasa, siyo kuimba, na ukumbi mzima ukaruka.

Msichana mmoja alikuwa amesimama katikati yao bila kucheza, chupa mkononi, anamtazama. Midomo yake ilimwuliza kitu. Nondo alimsogelea asikie, lakini mwenzake alimvuta mkono, akazama kwenye watu.

Nondo alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa amesikia yote. Wiki hiyo alifunga nguo zake, akahamia kwa dada yake, upande wa pili wa mji, ambako hakuna baa karibu. "Sikukimbii wewe, baba," alimwambia akiwa mlangoni. "Ni masikio tu." Nondo alimbebea mzigo mpaka kwa mama yake mkubwa.

Siku ya kumbukumbu ilipokaribia, Mama Pacha alikuja mwenyewe. Alikataa kukaa.

"Mwanangu, mwaka huu usije."

"Mama..."

"Hatukufukuzi. Ila vijana wakikuona pale getini watauanzisha. Mimi sitaweza, nakuambia ukweli. Nitaanguka."

"Nani ataimba?"

"Hakuna. Tutasoma majina."

Siku hiyo Nondo alikaa ndani. Alijaribu kuandika wimbo mpya wa mdogo wake, wenye maneno ambayo hakuna wa kuyachezesha. Kila mstari alioanza ulimletea mdundo wa Daktari, na vina vilivyokuja vilikuwa vya klabu. Vilijipanga vyenyewe, vyepesi, vinateleza. Akaandika na kufuta, akaandika na kufuta. Mwisho akajaribu kumkumbuka tu alivyokuwa akicheka, bila maneno. Hata hapo alisikia meza zikigongwa.

Mama yake alipitia akitoka getini, viatu vina vumbi. Alikaa kwenye kitanda.

"Tumesoma majina," akasema. "Kila mtu na wake. Nilipofika kwake sauti ikanikatika. Nikageuka kukutafuta."

Nondo akaikunja karatasi yake.

"Nimezoea kwamba ikikatika, wewe unaendeleza. Nikageuka hivi." Akamwonyesha, shingo upande wa kushoto. "Nikamkuta mtu mwingine. Ndiyo nikakumbuka."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Hilo ndilo sijui tulifanyie nini. Nimekusamehe na bado nausikia."

Simu ya Nondo ikalia. Alikuwa Daktari: gari liko njiani, kesho kuna onyesho mji mwingine, watu wameshajaa hotelini, na waandaaji wanataka waanze na wimbo ule na wamalizie na wimbo ule. Nondo alimsikiliza, akasema sawa. Hakuwa na kazi nyingine. Kampuni ya spika ilishamwajiri mtu mwenye mgongo mzima. Hakuwa na mbele wala nyuma.

Akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kutia mashati. Mama yake alimtazama, kisha akamnyang'anya shati moja lililokunjika vibaya, akalikunjua, akanyoosha kola kwa vidole vyake, taratibu, akalikunja upya.

"Kula kwanza," akamwambia.

"Gari linakuja, mama."

"Litasubiri. Kula."

Akala amesimama. Nje dereva akapiga honi, na kutoka ndani ya gari, madirisha yameshushwa, sauti ya Nondo mwenyewe ikasikika ikiomba mlango ufunguliwe. Mama yake akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko mpaka gari likaondoka.