Mwandishi Aliyeficha Jina

Januari ile ya 2008, mtaa wa mabanda wa Kangemi, Nairobi, ukiwaka moto wa ghasia za uchaguzi, Ken alikuwa Spring Valley, mtaa wa matajiri, akiripoti "moja kwa moja kutoka uwanjani". Uwanja wenyewe ni meza ya kulia chakula, laptopu, kikombe cha kahawa na kizibao chenye mifuko kumi na miwili, yote mitupu. Waiyaki Way, barabara kuu ya kwenda Kangemi, hakuivuka hata siku moja, shujaa wetu huyo! Macho na miguu yake ilikuwa Selpher, mama aliyemfulia nguo, aliyekuja kwa miguu kutoka Kangemi kila asubuhi.

"Leo umeona nini, Mama Ivyne?" humuuliza hata kabla ya salamu. Selpher husimulia huku akiloweka mashati, naye huandika kwenye blogu yake: "Nimeshuhudia kwa macho yangu." Watu wa London na Toronto wakamsifu, naye akazipokea sifa zote bila haya.

Siku moja Selpher, moyo umemjaa, akaropoka kwamba amemficha jirani yake Wangeci na mtoto mchanga chumbani mwake, maana watu wa kabila la Wangeci walikuwa wakisakwa mlango kwa mlango.

"Tafadhali, hiyo ibaki kwetu sisi wawili," akamsihi. Ken akaitikia kwa kichwa, vidole viko kwenye kibodi tayari.

Kesho yake Ivyne, binti ya Selpher, akarudi mbio kutoka saiba, kwenye kompyuta za kukodi, uso umemsawajika. Habari nzima ilikuwa kwenye skrini, na vijana wenye rungu walikuwa wakiisoma. Selpher hakungoja. Alimfunga mtoto wa Wangeci mgongoni mwake mwenyewe, wakapenya vichochoroni wote hadi Spring Valley, roho mkononi.

"Lakini jina nililificha!" Ken akalalama mlangoni. "Sikuandika Selpher. Niliandika Mama Ivyne, wa ploti ya vyumba vya kupanga, nyuma ya kinu cha unga."

Ebo! Kangemi nzima nani anamjua kwa jina la Selpher? Hata mwenye nyumba humwita Mama Ivyne. Ken mwenyewe alimwita hivyo miaka miwili, na kile kichwa chake cha chuo kikuu hakikumwambia kitu.

"Basi watakaa hapa," Selpher akasema. "Chumba cha wageni hakina mtu."

Ken akachungulia barabarani, jasho linamtoka. "Hapa? Na watu wakijua?"

"Watajulia wapi, Bwana Ken, usipowaandikia wewe?"

Akampiga kikumbo, akamwingiza Wangeci ndani.