Cherehani Iliyoandikwa Jina la Victoire

Victoire alikuwa na makaratasi. Kwa Wakongomani wahamiaji wa mtaa wa Turffontein neno hilo likishasemwa, yamekwisha semwa yote. Wengi wao wana ile karatasi ya kuomba hifadhi, ya kupanga foleni na kugongewa muhuri tena na tena, na duka la samani likiiona linakurudishia kwa ncha za vidole. Victoire yeye alikuwa na kitambulisho cha ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo watu walikuja kwake, hasa wa kanisani, wakikaa kwanza, wakiuliza habari za watoto, halafu wakishusha sauti: "Mama Shekinah, tulikuwa tunaomba utuazime jina."

Kuazima jina ni hivi. Unakwenda nao dukani, unatia sahihi wewe, friji linakwenda kwao. Kila mwezi wanakuletea hela mkononi, Jumapili baada ya ibada, nawe unazipeleka dukani. Hakuna kuandikiana, kwa sababu kumwandikisha ndugu ni kumwambia usoni kwamba unamwona mwizi. Victoire aliazima jina lake kwa friji, kwa simu mbili, kwa kitanda cha maharusi. Mambo yote yalikwisha salama. Mwisho akaliazima kwa cherehani, ile kubwa ya umeme ya kiwandani, ya fundi François wa Jeppestown.

Hiyo ni miaka minne iliyopita, mume wake Parfait akiwa bado hai. Victoire ni mlinzi, na mlinzi hana Jumapili. Parfait ndiye aliyekwenda kanisani na watoto, ndiye aliyepokea hela, na ndiye aliyekwenda kulipa. Miaka miwili baadaye homa ya mapafu ikamchukua, akamwacha Victoire na mabinti wawili, Shekinah na Héritière, na geti moja la maofisi huko Randburg ambalo alikuwa akilifungua na kulifunga tangu Héritière yuko tumboni.

Mwaka huu kampuni ikatangaza kwamba geti litawekwa kamera, na walinzi wake mkataba unaishia mwisho wa mwezi. Victoire alikuwa tayari na kodi ya miezi miwili shingoni, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwaleta watu kutazama chumba Victoire mwenyewe akiwa ndani, anakaanga vitunguu.

Moffat wa ofisi ya wafanyakazi akamwita. Moffat ni Mkenya, kijana wa tai na kikombe cha chai kisichokwisha.

"Mama, kuna kitu nimekuwekea," akasema. "Duka la dhahabu kwa ile mall wanataka mwanamke. Si wa yunifomu. Unavaa poa kama kastoma, unazungukazunguka, unaangalia pete, na bastola iko chini ya koti. Wateja wakiona bunduki hawanunui."

"Mimi, Bwana Moffat? Mimi nitazame pete za wazungu na bastola kwenye mbavu?"

"Si ulifanya kosi ya bastola? Si ulipasi? Steve mlinzi mwenzako mpaka leo anasema ulimwaibisha huko kwa kupiga shabaha."

"Steve anafumba macho kabla ya kufyatua. Anaomba kwanza."

Walicheka. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili. Siku hiyo Victoire aliporudi nyumbani alimwambia mwenye nyumba, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa muda mrefu, kwamba asilete tena watu wake, mwisho wa mwezi atalipwa yote. Shekinah akasikia. Akamwuliza mama yake kama sasa anaweza kujaza fomu za chuo. Victoire akamwambia jaza.

Wiki iliyofuata Moffat alimwita tena. Safari hii alifunga mlango.

"Polisi wanaangalia kama umewahi kufungwa. Huko uko safi," akasema. "Lakini bastola ni ya kampuni, na kampuni inaangalia unadaiwa nini. Hapa kuna hukumu ya korti, mama. Ya miaka mitatu iliyopita. Cherehani."

"Sina cherehani mimi."

"Jina lako. Namba ya kitambulisho ni yako. Na sahihi, aki mama, si ni hii?"

Ilikuwa yake. Ile V yenye mkia mrefu.

"Barua sikuona hata moja."

"Zilienda adresi ya Jeppestown."

"Tulikuwa tunakaa huko, tukahama." Hasira ikamjia. "Na deni linahusiana nini na bastola? Kwani deni ndilo litakalofyatua?"

Moffat alizungusha kikombe chake. "Wenye duka wanaona hivi. Mtu anayedaiwa, mwizi anamfuata polepole: wewe angalia kando tu, tutakulipia. Sasa huyo mtu umemweka karibu na dhahabu, tena umempa bastola. Hata bima wanakataa. Mimi nakujua. Lakini kwa karatasi wewe ni mtu anayeweza kununuliwa."

Moffat akairudisha karatasi kwenye faili.

"Faili nafunga Ijumaa. Niletee barua ya duka kwamba imelipwa. Ama huyo aliyechukua cherehani aje aape polisi kwamba ni yake na hakulipa. Nitajaribu kusukuma."

Kesho yake alikwenda Jeppestown na hasira imempanda hadi kooni. Kila robot ya taa nyekundu iliyosimamisha teksi aliitukana kimoyomoyo. Alipanda ngazi za lile jengo la mafundi, akasikia cherehani kabla ya kufika mlangoni, ikinguruma bila haya.

"Mama Shekinah!" François akainuka, utepe wa sentimita shingoni. "Karibu, karibu. Orpha, ondoa vitambaa kwenye kiti."

Orpha, mke wake, alikuwa anakata kola za kwaya. Akaanza kusogeza vitambaa.

"Sikuja kukaa," Victoire akasema. "François, umenifanya nini? Nimekupa jina langu ukanipeleka korti? Watoto wangu walale nje kwa ajili ya mashine yako?"

"Korti gani, mama?"

"Hukulipa!"

"Nililipa."

"Ulimlipa nani? Duka linasema halikuona hata senti."

François akamtazama mke wake. Orpha aliweka mkasi chini taratibu.

"Mwambie," Orpha akasema.

"Nimwambie nini? Mwenyewe hayupo."

"Mwambie, François. Amepanda ngazi zote hizo."

François alikaa. Alisema akiutazama mguu wa cherehani. "Nilimpa kaka yetu, yaya Parfait. Kila dimanche, Jumapili ya kwanza ya mwezi, mlangoni pa kanisa, mkononi. Miezi kumi na minane, mpaka ikaisha. Mwezi Orpha alipozaa niliuza simu nikampa. Sikuruka." Akapangusa uso. "Ile ya mwisho, mama, aliipokea akalia. Akaniambia, François, heri wewe ungekuwa unachelewa kama wengine. Nilidhani ni utani wake."

Victoire alisimama katikati ya kile chumba. Hakuhitaji kuhesabu, miezi ilijipanga yenyewe. Ndiyo miezi Parfait alipoachishwa kazi na hakumkuta mtu wa kumwandika tena. Ndiyo miezi aliyokuwa akirudi na unga, na dagaa, mara moja na viatu vya shule vya Shekinah, akisema amebeba makreti sokoni City Deep. Victoire kazi yake ni kuangalia. Alikuwa anaona begi la mtu aliyeiba kompyuta kwa jinsi bega linavyoinama. Basi aliiona mikono ya mume wake. Ilikuwa laini. Haikuwa na mchubuko wala uchafu kwenye kucha. Kila mara aliiona, akapokea unga, akabandika maji. Hakuuliza, kwa sababu angeuliza angejua.

"Twende polisi," François akasema. "Sasa hivi. Nitaapa."

"Utaapa nini?"

"Kwamba nilitoa hela zote."

"Kwa nani?"

"Kwa mume wako."

"Mume wangu alikuwa anakula wapi, François?"

François akauvua ule utepe shingoni.

"Utaandika kwamba nyumba yangu ilipokea hela za duka miezi kumi na minane, ikazila. Nami niipeleke karatasi hiyo nipewe bastola nilinde dhahabu."

Chini barabarani mtu alikuwa anagonga bati. Orpha akaja, akaichomoa cherehani kwenye umeme, akakunja waya wake vizuri.

"Ichukue, mama," akasema. "Ni jina lako."

Victoire aliiwekea mkono. Ilikuwa na joto bado, na chini ya sindano kulikuwa na nguo ya kwaya iliyoshonwa upande mmoja. Kwenye pembe ya chumba, juu ya godoro, mtoto alikuwa amelala na uzi mdomoni. Na hata angeiuza, ilikwisha kuwa mashine kuukuu, na deni lilikwisha kunenepa kwa riba na mawakili.

"Chomeka," akasema. "Watu wanataka nguo zao."

Akashuka ngazi. Hasira aliyokuja nayo aliitafuta, maana ingemsaidia kutembea, lakini haikuwa na wa kumpiga tena. François hakuwa na kosa. Parfait alikuwa amelala makaburini, na alichokula, alikula pamoja nao.

Ijumaa aliingia kwa Moffat bila barua.

"Hakukubali kuja?" Moffat akauliza.

"Hahitaji kuja."

"Mama, deni ni la nani? Sema tu ni la mtu fulani, niandike, nitafute njia hata ya wiki moja."

"Ni langu."

"Usiniambie hivyo. Juzi umesema huna cherehani."

"Tulikula, kijana wangu. Andika ni langu."

Moffat aliandika. Akageuza karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi kwamba ameondoa ombi mwenyewe, kwa hiari. Nafasi ingekwenda kwa dada mmoja wa Rosettenville. "Nikipata geti lingine nitakupigia," akasema, na chai yake ilikuwa imepoa. Victoire akaandika jina lake.

Zamu yake ilikuwa haijaisha, akarudi getini. Palikuwa na mafundi wawili wa kamera, wameegesha ngazi pembeni ya kibanda chake.

"Mama, shika hapa kidogo," mmoja akasema, akampa ncha ya futi.

Victoire akaishika kwenye ukuta. Fundi akarudi nyuma akiivuta, mpaka mahali ambapo yeye husimama. Akachora alama ya chaki.

"Sharp, iko sawa," fundi akasema. "Unaweza kuachia."

Gari lilikuwa linapiga honi. Akaachia, akaenda kulifungulia.