Muuza simu anayeficha majina ya kampuni kwa selotepu

Saa mbili na robo asubuhi, mlango wa chuma wa duka la simu umepandishwa nusu tu. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amepiga magoti nyuma ya kaunta, anakata selotepu nyeusi kwa meno.

Anabandika kipande kimoja mgongoni mwa simu mpya, juu ya jina la kampuni. Kipande cha pili anakiandika namba kwa kalamu nyeupe: 63. Kisha anainama kupita chini ya mlango, anavuka korido hatua tatu na kusimama mbele ya kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi.

"Mama mdogo, kaa."

"Nimekaa tangu juzi," anajibu mwenye kibanda bila kuinua macho kutoka kwenye zipu anayoipima. "Nipige picha upande wa kulia leo. Huu wa kushoto umeshachoka kuonekana."

Anapigwa upande wa kushoto, kama kila siku. Huko ndiko kuliko na kovu dogo juu ya nyusi, na mashimo matatu ya tetekuwanga shavuni.

Picha ya pili ni ya vipande viwili vya kitambaa vilivyolazwa sambamba, kimoja chekundu na kingine rangi ya damu ya mzee. Ya tatu inapigwa ndani ya duka, taa zikiwa zimezimwa, kwenye kona ya maboksi matupu. Zote tatu zinatolewa kwenye printa ndogo na kubandikwa ukutani chini ya namba 63. Jina la simu halionekani popote.

Wateja wanamwita muuzaji huyu Kipimo. Kwa miaka miwili na nusu, kila aina ya simu iliyoingia dukani humo imepita mikononi mwake kwa utaratibu huo huo na saa hiyo hiyo, mwanga wa korido ukiwa haujabadilika.

"Mtu anakuja ameshaamua," anaeleza huku akinyoosha kona ya picha kwa kidole gumba. "Rafiki yake anayo ya kampuni fulani, basi na yeye anataka hiyo. Ukimwambia jina, hasikii tena. Sasa mimi namnyima jina. Namwambia atazame ukuta, achague namba, halafu ndiyo tubandue selotepu."

Mwezi uliopita wateja arobaini walikubali kuchagua kwa namba. Ishirini na saba waliangukia simu tofauti na ile waliyoingia wakiitaja. Wengine hucheka. Mmoja, dereva wa lori, aliomba selotepu irudishwe ili achague upya.

Kipimo hakusomea kazi hii popote. Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi kwenye studio ya picha. Alianza kwa kufagia, baadaye akawa anashika taa, na mwisho akakabidhiwa kamera. Alijifunza kwa kutazama, na kwa daftari aliloandika kila picha iliyoharibika na sababu yake.

Studio ilifungwa watu walipoanza kujipiga wenyewe. Mwenye studio aliuza taa na mapazia, akampa Kipimo kigoda cha kukalia wateja kama zawadi ya kuagana. Miezi mitano baadaye alipata kazi ya kuuza simu, vitu vile vile vilivyomfungia studio.

"Watu huniuliza kama siumii," anasema. "Niliumia kidogo. Lakini kodi ya chumba haikuumia nami."

Mshahara wake unatosha kodi na nauli. Kinachobaki kinategemea kamisheni ya asilimia mbili kwa kila simu anayouza.

Mwanzoni ukuta wake ulikuwa na swali jingine. Alikuwa akiwauliza wateja ni picha ipi nzuri. Anakiri kwamba hiyo ilikuwa tabia ya studio, ambako yeye mwenyewe alifuta chunusi na kulainisha mikunjo ya watu. Mteja akitoka amependeza, kazi imekwisha.

Kwa swali hilo alimuuzia simu muuguzi wa zahanati moja. Muuguzi alitaka kamera ya kupiga vidonda, ili daktari wa hospitali kubwa avione bila mgonjwa kusafirishwa. Alichagua picha iliyong'aa kuliko zote. Kipimo akaifunga simu kwenye boksi, akamtakia kazi njema.

Wiki tatu baadaye muuguzi alirudi. Alikuwa ametuma picha ya mguu wa mgonjwa wake, mzee mwenye kisukari. Daktari akajibu kwamba kidonda kinaendelea vizuri, waendelee kusafisha.

"Nikautazama mguu, nikaitazama picha," muuguzi anasimulia kwa simu akiwa zamu. "Nikajiambia, hawa wawili si ndugu. Kwenye picha wekundu umeondoka, kingo zimelainika. Simu ilikuwa imempamba mgonjwa wangu. Nilizima kila kitu cha urembo nilichokiona humo, ikaendelea kupamba."

Hakungoja. Alimpakia mzee kwenye gari la mtu aliyekuwa akipita. Hospitali walikuta usaha umeshaingia ndani. Mzee alilazwa siku kumi na moja, akarudi nyumbani na miguu yake yote miwili.

"Aliiweka simu hapa," Kipimo anasema, akigusa kioo cha kaunta. "Hakunitukana. Angenitukana, ningepoa haraka."

Alimbadilishia simu siku hiyo hiyo, akaushusha ukuta wote na kuanza upya. Tangu hapo swali limekuwa moja: ipi inafanana? Mteja hutazama picha ukutani, kisha hugeuka kutazama kibandani, ambako mwenye uso amekaa anauza vifungo.

"Nimetazamwa kuliko bibi harusi," mama mdogo analalamika. "Mtu ananunua zipu moja, ananihesabia mashimo."

Asubuhi hii, hata hivyo, Kipimo anabandika picha za namba 63 akijua huenda ndizo za mwisho. Saa nne anakuja ofisa mauzo wa mojawapo ya kampuni kubwa za simu, na mwenye duka ameahidi kumpa jibu. Kampuni hiyo italeta kabati jipya la kioo, bango lenye taa na kamisheni ya asilimia tano. Inataka kitu kimoja: ukuta wa mbele wote uwe wake.

Ofisa anafika kwa wakati. Ni kijana mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe. Anapima ukuta kwa futi ya chuma, halafu anaanza kuzitazama picha.

"Dada, hizi namba ni za nini?"

"Ni simu. Chagua inayofanana na yule mama pale."

Kijana anageuka, anamsalimia mama mdogo kwa heshima, anarudi ukutani. Hachukui hata nusu dakika. "Hamsini na nane. Hii ndiyo picha."

Kipimo anaitoa simu kabatini na kubandua selotepu. Ni ya kampuni ya kijana huyo. Kijana anapiga makofi mara moja. "Si mnaona? Bila hata kuambiwa!"

"Umeijua," Kipimo anasema. "Na picha ni nzuri, sikatai."

Mama mdogo ameshavuka korido na zipu yake mkononi. Anasukuma miwani juu, anaisogelea namba 58 mpaka pua inakaribia kugusa ukuta.

"Mwanangu, kovu langu umelipeleka wapi?"

"Kovu gani, mama?"

"Hili hapa. Nililipata kwa kuanguka na baiskeli nikiwa na miaka tisa. Nimelitunza miaka hamsini na mbili, wewe umelifuta kwa kidole kimoja. Mume wangu akiiona hii atasema amebadilishiwa mke."

Wote wanacheka, ofisa akiwa wa kwanza. Kisha anasema, kwa sauti ya chini: "Lakini wateja wanapenda kupendeza, mama. Nalo ni kosa?"

"Si kosa," anajibu Kipimo badala yake. "Anayetaka picha za harusi namwonyesha hiyo hiyo hamsini na nane. Nimeuza nyingi. Ila siwezi kumpa muuguzi, na wala fundi nguo anayeuza vitambaa kwa picha. Ukuta ndio unaonisaidia kuwatenganisha."

Mwenye duka, mwanamume mnene anayeongea kidogo, amesikiliza yote akiwa ameegemea jokofu la maji. Duka la jirani lilichukua kabati kama hilo kutoka kampuni pinzani mwaka jana, na tangu wakati huo mauzo ya duka hili yamepungua kwa theluthi.

"Kipimo," anasema hatimaye, "unajua nakuheshimu. Lakini kodi ya duka hailipwi na kovu la mama mdogo."

"Najua, bosi."

"Kazi yako ipo. Kiti chako kipo. Ukuta tu."

Kipimo anaingia nyuma ya kaunta, anachukua kisu cha kukatia karatasi na kuanza kushusha picha kuanzia namba moja. Zipo mia moja themanini na tisa. Hazichani. Anazitoa tatu tatu, anazifunga kwa mpira na kuandika namba juu ya kila fungu. Ofisa anamshikia ngazi. Kazi inawachukua hadi saa saba.

Mama mdogo anapaza sauti kutoka kibandani kwake.

"Wewe mtoto, unazipeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani nani atazitazama, mende? Lete huku. Nyuma ya zipu pako wazi."

Siku nne baadaye kabati jipya linawaka taa dukani, na bango limejaa uso wa msichana asiye na shimo hata moja. Upande wa pili wa korido, juu ya ubao uliopigiliwa nyuma ya zipu, picha zote zimepangwa kwa namba. Wateja huingia dukani, huuliza, huelekezwa kibandani, hurudi wakitaja namba. Jumamosi walivuka kumi na wanne. Tisa walirudi kununua.

Mwenye duka ameyaona hayo. "Mkataba unataja ukuta wangu," anasema, na kurudi kwenye magazeti yake.

Kipimo anaamini utaratibu huo hautadumu milele, na hamlaumu mtu. Chumba kilicho nyuma ya kibanda, chenye dirisha moja kubwa, kitakuwa wazi mwishoni mwa mwaka. Anataka kukipanga. Humo hatauza simu hata moja. Atapima kamera tu, za simu mpya na zilizotumika, kwa bei ya soda mbili, na mteja akanunue anakotaka. Ameshapata taa mbili na meza. Kigoda cha studio anacho.

Wateja wa kwanza wamekwishapatikana. Muuguzi amewaambia wenzake, na Jumapili ijayo sita kutoka zahanati mbalimbali watakuja hapo kibandani na simu zao zipimwe kabla ya kuzitumia tena kazini. Mama mdogo amekubali kukalia kigoda, kwa masharti.

"Na mimi soda yangu iwepo."

Saa mbili na robo asubuhi ya siku ya tano, selotepu inakatwa tena kwa meno. Namba 64. Mama mdogo ananyoosha kola, anageuza uso upande wa kulia, anarudishwa kushoto, anatulia.

"Haya, nimetoka vizuri?"

Kipimo anaitazama picha. Anamtazama mama mdogo. Anarudi kwenye picha, anaikuza kwa vidole viwili mpaka kovu linajaa kioo.

"Umetoka wewe," anasema, na kwenda kuwasha printa.