Picha Iliyonyimwa Maji

Mwenzangu wa chumba alikata kachumbari, akatia siki, nami usiku ule sikulala. Harufu ya siki hunirudishia marehemu nyanya yangu, na picha yake pekee niliyo nayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai, uso ukifutika. Filamu yake ninayo, yaweza kutolewa picha nyingine. Karibu na shule ninayofundisha pana studio, na mwenyewe ni mtu mpole. Lakini ni mwanamume, na nyanya hakutaka mwanamume wa kando aione picha ile. Je, marehemu huona haya? Msinicheke. Nilitaka kumwandikia kadhi, nikaogopa ataniona nimeharibiwa na chuo kikuu.

Nilikuwa mdogo, miaka ya sitini, kwetu mtaa wa Mkomani, Amu, yaani Lamu. Dada yake nyanya, aliyeolewa Unguja, aliomba picha; ndiyo hiyo iliyorudishwa kwetu alipofariki. Nyanya hakuwahi kupigwa hata moja, basi akaitwa Bi Rukia, mjane aliyeachiwa kamera na mumewe akajifundisha kuitumia. Aliwapiga picha wanawake tu, majumbani mwao. Kamera aliibeba ndani ya buibui, ubavu umemvimba, na wanaume wa barazani hawakuacha kumchokoza.

"Bi Rukia, sufuria hiyo ina pilau?"

"Ina wake zenu," akajibu, akapita.

Alimkalisha nyanya uani, akaegemeza sinia la shaba kwenye mtungi ili nuru imrudie usoni.

"Usicheke, Bi."

"Nani acheke? Nimekaa kama maiti." Papo hapo akacheka, na kamera ikalia.

Nyanya akauliza, "Na kuosha picha, utaosha wapi?"

"Kwangu."

"Kwako mna kijana mwanamume. Osha hapa, nikuone."

Ikawa chooni kwetu, mlango umezibwa kwa mkeka, taa imefungwa kitambaa chekundu. Dawa za kuoshea picha zilinuka siki, zikatuwasha macho. Filamu ilipokauka, Bi Rukia akailaza juu ya karatasi nyeupe, akaimulika kidogo, kisha akaitosa karatasi katika bakuli la dawa, na nyanya akaanza kutokea, meno kwanza, maana tambuu ilikuwa imeyatia weusi. Mama alicheka hata akashika ukuta.

Kisha Bi Rukia akachota maji kwenye birika la kuogea, tangi lililojengwa pembeni mwa choo. Nyanya akamshika mkono.

"Hayo ni mai ya udhu. Na mna samaki wangu." Visamaki hivyo vilikula viluwiluwi vya mbu, na nyanya alivipenda kuliko paka.

"Picha yataka mai mengi, Bi."

"Mimi mzima naoga kwa kata mbili, sembuse karatasi?"

Akapewa kidogo. Bi Rukia hakubishana. Aliisuuza picha alivyoweza, akaifunga filamu kwa karatasi, akampa mama. "Wekeni. Siku mkiwa na mai ya kutosha, mtaosha picha nyingine."

Nilidhani amenuna. Chuoni, katika chama cha wapiga picha, ndipo nilipojifunza kuwa dawa isiyosuuzwa vizuri huila picha polepole. Bi Rukia alijua uso ule utaondoka. Hakutaka ugomvi siku ambayo nyanya alikubali kuonekana, basi akatuachia njia ya kumrudisha.

Jumamosi nilirudi chuoni, nikaomba ufunguo wa chumba cha giza cha kuoshea picha. Nilijifungia, nikaujaribu mlango, nikaujaribu tena. Meno yalitangulia, kama zamani. Nikafungua bomba na kuyaacha maji yamwagike juu yake mpaka vidole vyangu vikakunjamana.

Mlinzi akagonga. "Dada, hayo maji vipi?"

"Bado," nikamjibu.