Moto wa Baba, Barua Yangu

Baba alipohamia kwangu Kalangalala, mjini Geita, alikuja na begi moja la nguo na gunia la mavi makavu ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe aliwaacha kwa kaka yangu, kijijini Shinyanga. Kila jioni alibeba kigoda hadi nyuma ya nyumba, akawasha shikome, moto ambao kwetu Usukumani wanaume huota jioni huku moshi wake ukifukuza inzi zizini. Kwangu hapakuwa na zizi. Inzi walikuwepo, lakini wa jikoni.

Moshi ulivuka ukuta ukaingia dirishani kwa jirani, mama mwenye binti wa miaka mitatu anayeugua pumu. Alinijia mara mbili, kwa upole, akaniambia ikifika jioni mtoto hapumui vizuri. Nilimwahidi kulishughulikia. Nina shahada mbili, kwa hiyo nililishughulikia kwa maandishi. Nilimwandikia mwenyekiti wa mtaa kurasa mbili kuhusu kero ya moshi, nikamtaja fundi seremala wa ng'ambo ya barabara, ambaye ni kweli alikuwa akichoma maranda, ingawa Jumamosi tu. Fundi aliitwa, akaonywa, akaacha. Moshi ukaendelea. Kumwambia baba azime moto wake niliona ni kama kumwambia avue shati mbele ya watu.

Jioni moja yule mama hakubisha hodi kwangu. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma, mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto."

Hakukaa. Baba alidhani anaogopa moshi utamwasha macho, akamweleza faida yake: unafukuza inzi.

"Unamfukuza na huyu, baba," alisema, akamshusha mtoto na kumsogeza karibu, asikie kifua kinavyolia.

Baba aliinamisha sikio, akasikiliza kwa muda, kama alivyokuwa akisikiliza ndama. Kisha akachota mchanga kwa mikono miwili na kuufukia moto. Alipomaliza ndipo aliponitazama mimi, niliyekuwa mlangoni na kikombe changu cha chai.

"Ulijua?"

Nikakiri. Nikamweleza na habari ya barua.

"Seremala umemshtaki kwa barua, mimi umeninyamazia. Kesho nenda kwake. Usiende na karatasi."

Nilikwenda. Fundi hakuacha kupiga randa. Maranda yaliniangukia viatuni wakati naomba radhi, naye akaniuliza, kwa kuwa mimi ni msomi, sasa ayapeleke wapi. Kurasa zangu mbili hazikuwa zimefika huko. Nilirudi na gunia la maranda begani, nikayamwaga kwenye banda la kuku.

Baba bado hukaa palepale jioni, mbele ya jivu baridi, akipunga inzi kwa mkono. Dirisha la jirani huwa wazi.