Kapteni wa Jumamosi

Siku Ariane alipoiambia familia yake kwamba anaingia jeshini, kaka yake Juvénal aliinuka na sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni, amesimama, kawapa mgongo.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti 2016, baada ya ibada, katika nyumba yao ya Rosettenville, mtaa wa nchi ya ugenini walikokimbilia kutoka Bujumbura, ambayo chumba chake cha mbele Juvénal alikigeuza duka la ushonaji. Mama yao, Emérite, alikuwa amepika ndagala, dagaa wa ziwa la kwao, na maharage. Ariane alikuwa na miaka thelathini, daktari wa wagonjwa wa dharura katika hospitali moja ya serikali mjini.

"Siachi hospitali," alieleza. "Hili ni jeshi la akiba. Daktari wa kiraia anabaki na kazi yake, wanamwita mwishoni mwa juma na siku kadhaa kwa mwaka. Wapo wanaochukua mkataba mrefu, wapo wanaoingia moja kwa moja. Mimi nimechukua kipande kidogo tu."

"Hakuna jeshi dogo," Juvénal alisema kutoka jikoni.

Mama hakupandisha sauti. "Ariane, waliomchukua baba yako walikuwa wamevaa nini?"

Ariane alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa 1995, kule Buyenzi, Bujumbura, askari walipogonga mlango. Baba hakurudi tena. Lakini kilichomkaa Ariane rohoni miaka yote si kuondoka kwake. Ni vile baba, mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, alivyomwita askari wa miaka ishirini "mzee" na kumwomba ruhusa ya kuvaa viatu. Askari alikataa, akacheka.

Kwenye fomu za jeshi Ariane aliandika kwamba anataka kulitumikia taifa lililomlea. Si uongo, ila haukuwa ukweli wote. Ukweli wenyewe hakuwahi kumwambia mtu: alitaka siku moja mwenye bunduki asimame wima mbele yake na kunyamaza.

Kanali aliyemhoji alipekua karatasi zake kama anayetafuta chawa.

"Uraia umeupata lini?"

"Mwaka 2012, Kanali."

"Na moyo nao uliubadilisha mwaka huohuo?"

"Kazi yangu ni kupima mioyo ya watu kila siku. Wangu uko sawa."

Kanali hakucheka. Alitia saini kwa sababu madaktari walikuwa hawatoshi, na akamwambia hivyo usoni.

Hospitalini mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mkuu wa idara yake, Daktari Damien, alimuuliza mbele ya wauguzi: "Wewe uende kucheza gwaride, foleni hii tumwachie nani?" Tangu siku hiyo kila sikukuu ilimwangukia Ariane zamu. Hakulalamika. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilijua kufanya kazi.

Baada ya kozi ya maofisa ya majuma machache walimvisha cheo cha kapteni, kama wanavyopewa madaktari. Suruali za kombati zilikuwa ndefu. Alizipeleka kwa kaka yake zikunjwe. Juvénal alizishika kwa vidole viwili, akatoka nazo, akazitupa nje ya geti. Ariane aliziokota barabarani, wapita njia wakimtazama, akaenda kuzikunja mwenyewe kwa sindano ya mkono, kwa mshono uleule anaofungia vidonda. Ndugu hao hawakusemezana mwaka mzima. Mama alikuwa akipeleka salamu huku na huku, na kila upande zilifika zimepoa.

Kikosini alikutana na Sajini Makgatho, mkufunzi aliyetumikia jeshi miaka ishirini na mbili. Makgatho hakuwapenda madaktari wanaopewa ukapteni kwa majuma machache, na huyu mwenye lafudhi ya nje ndiye aliyemtia kichefuchefu kabisa. "Kapteni wa Jumamosi," alikuwa akisema nyuma yake, kwa sauti ya kutosha kusikika. Mara nyingine alisema kwerekwere, tusi wanalotupiwa wageni, kisha akapiga saluti safi kabisa isiyoweza kushitakiwa. Ariane alirudisha saluti, akamtazama machoni mpaka mmoja wao achoke. Kwa kawaida hakuna aliyechoka.

Jumamosi moja ya Februari 2018 kikosi kilitoka kwa mwendo wa kilomita kumi na tano katika uwanja wa mazoezi nje ya mji, mizigo mgongoni. Kabla ya kuanza Ariane alisema joto limezidi, waende asubuhi ya kesho yake. Makgatho alijibu kwamba vita havisubiri kivuli. Ofisa wa zamu alikubaliana naye.

Ariane alifuata nyuma na gari la wagonjwa. Kwenye kilomita ya kumi na moja aliwakuta wamesimama. Katikati ya njia, Vusumuzi, askari wa akiba wa miaka arobaini na mbili, ambaye siku za kazi ni dereva wa basi la mjini huko Braamfontein, alikuwa akiyumba kama mlevi. Alikuwa akizungumza na abiria wasiokuwepo, akiwaambia wasogee nyuma, milango inafungwa. Wenzake wawili walicheka. Makgatho alikuwa amemshika ukosi.

"Anaigiza," alisema. "Ninawajua hawa. Atatembea."

Vusumuzi alidondoka chini kama gunia. Ariane aliruka kutoka garini, akamgusa shingo. Ngozi ilikuwa kavu, inawaka kama bati la juani.

"Mvueni mzigo na nguo. Leteni maji yote, na barafu ya kwenye gari."

Askari walimtazama sajini. Sajini alisema, "Hakuna kumgusa. Nimetoa amri, atainuka."

Ndipo Ariane aliponyanyuka. "Na mimi ninaitengua. Sajini, simama wima unapozungumza na mimi."

Upepo hata wa kutikisa jani haukuwepo. Makgatho alikakamaa, mashavu yakamcheza, kisha visigino vyake vikagongana. Alisimama wima. Akanyamaza.

Na Ariane hakugeuka mara moja. Alibaki akimtazama. Utamu mkali ulimpanda kifuani, utamu aliousubiri tangu akiwa na miaka tisa, akaunyonya sekunde tatu, pengine nne, mtu akiwa anaungua miguuni pake. Kisha Vusumuzi akaanza kutetemeka mwili mzima, na aibu ikamwagikia Ariane kama maji baridi.

Alipiga magoti. Joto la mwili lilikuwa nyuzi arobaini na moja na zaidi. Walimmwagia maji, wakamwekea barafu kwapani, shingoni na kinenani, wakampepea kwa mashati yao, na wale waliocheka ndio waliopepea kwa bidii zaidi. Mmoja alitaka wamkimbize hospitali papo hapo. "Apoe kwanza," Ariane alisema. "Akipelekwa anawaka hivi, tutapeleka maiti." Alimtundikia dripu. Baada ya nusu saa joto lilishuka, na Vusumuzi akafumbua macho, akauliza nani anaendesha basi lake. Ndipo walipoondoka.

Makgatho alimshitaki Ariane kwa kuvuruga mazoezi na kumdhalilisha mbele ya askari. Katikati ya juma Kanali yuleyule aliyemhoji Ariane alisoma maelezo ya pande zote mbili. Sajini aliondolewa kwenye ukufunzi. Ariane aliandikiwa karipio lililoingia kwenye faili lake: amri ilikuwa sahihi, namna alivyoitoa haikuwa sahihi. "Umemwokoa mtu," Kanali alisema, "usidhani hilo limekupatia marafiki hapa." Nje mlangoni Makgatho alimpigia saluti. Macho yake yalitema mate.

Jioni hiyo alikwenda Rosettenville akiwa na nguo za kiraia. Juvénal alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa, lakini hakumfukuza. Ariane alimsimulia yote, hata zile sekunde.

"Nilimsimamisha, kaka. Mtu anakufa, na mimi ninafurahi."

Cherehani ilisimama. "Sasa unajua walijisikiaje wale waliokuja kwetu."

"Ndiyo."

"Na bado utarudi?"

"Jumamosi."

Juvénal alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, na mtazamo huo haukuwa na msamaha wowote. "Yule dereva yuko hai?"

"Yuko hai. Wiki ijayo anaruhusiwa."

"Mama yuko nyuma," alisema, akakanyaga cherehani tena. "Nenda ukamsalimie."

Jumamosi iliyofuata Ariane alifika kikosini saa kumi na mbili asubuhi, akaweka meza mbele ya mstari wa gwaride na kuanza kupima mapigo ya moyo na joto la kila aliyepangwa kutembea. Walikuwa sitini na wanne. Sajini mpya alitazama saa yake, akatazama jua, akatazama saa tena.

"Kapteni, unatuchelewesha."

"Najua," alisema Ariane, akaita jina linalofuata.